Kompyuta Zilizogoma Kuamka

Mkuu wa chuo aliponipigia simu mara ya kwanza, alinieleza kwamba chuo chake kina kompyuta za mpakato thelathini, na kwamba zote ni nzima isipokuwa hazifunikwi. Nilimwomba arudie. Akarudia taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: ukizitumia zinafanya kazi vizuri kabisa, ila ukiifunika moja, imekwenda. Ukija kuifunua unakuta kioo cheusi, taa inawaka, feni inazunguka, na huna la kufanya ila kukandamiza swichi mpaka izime, kisha uiwashe upya. Chochote ulichokuwa hujakihifadhi kimepotea. Mwalimu mmoja wa umeme alikuwa amepoteza mtihani mzima wa muhula kwa sababu tu alifunika kompyuta yake ili akale chakula cha mchana.

Chuo chenyewe ni cha ufundi, kiko Zinga, kando ya barabara ya Dar. Mimi nilikuwa nakaa Dunda, kwa mama yangu. Nilirudi Bagamoyo baada ya miaka mingi ya Dar es Salaam kwa sababu mama alivunjika nyonga na kaka zangu wote waligundua ghafla kwamba wana shughuli nyingi. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu kwa kampuni ya nje, na kampuni hiyo haikujali niko wapi mradi mtandao upo. Mtaani hawakunielewa. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili anashinda ndani kutwa akitazama kompyuta, haendi ofisini, hana duka, hana hata meza ya maandazi. Majirani walikubaliana kwamba nimefukuzwa kazi na naona haya kusema. Mama alinitetea kwa njia yake. Kila msiba aliobebwa kwenda kuhani, alitangaza kwamba mwanawe anatengeneza kompyuta. Katika msiba mmojawapo alikuwepo dada yake mkuu wa chuo, na ndivyo simu ilivyonifikia.

Kabla yangu alikuwa amekwisha kuja mtaalamu kutoka Dar. Nilionana na ripoti yake kabla ya kuonana naye mwenyewe. Ilikuwa na kurasa ishirini na mbili na jalada la rangi lenye picha ya bahari, ingawa kutoka chuoni pale huioni bahari hata ukipanda juu ya tangi la maji. Ilisema kwamba kompyuta zimeathiriwa na hewa ya chumvi ya mwambao. Ilisema pia kwamba kuna tatizo la utamaduni wa watumiaji, maneno ambayo nilipoyachunguza niliona yana maana kwamba walimu ni washamba. Mwisho ilipendekeza zinunuliwe kompyuta nyingine zinazostahimili chumvi, na kwa bahati njema mtaalamu alimfahamu muuzaji.

Wakati wakisubiri hizo za kustahimili chumvi, mtaalamu aliagiza kile alichokiita hatua za mpito. Hatua yenyewe ilikuwa moja: ni marufuku kufunika kompyuta. Ukatolewa waraka wenye mhuri. Na kwa kuwa binadamu husahau, wanafunzi wa useremala walipewa kazi ya vitendo ya kuchonga vipande thelathini vya mbao, vya kukaa kati ya kibodi na mfuniko ili mfuniko usishuke. Walivipiga msasa, wakavipaka vanishi, wakavichonga nembo ya chuo. Siku niliyoingia chumba cha kompyuta kwa mara ya kwanza nilizikuta zile zisizogawiwa maofisini zimeachama kwenye mistari mitatu, kila moja na ubao wake mdomoni. Ndiyo kazi nzuri zaidi ya useremala niliyopata kuiona pale.

Nilipoiwasha moja nikafurahi, maana niliujua mfumo endeshi uliokuwemo. Wafadhili waliozitoa walikuwa wameweka ule wa bure, ambao msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi na watu wa dunia nzima wanausahihisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kuusahihisha mara mbili tatu, vitu vidogo, na nilijiona mkubwa kuliko vitu hivyo. Nikamwambia mkuu kwamba hewa ya chumvi haihusiki. Chumvi ikila kompyuta, inaila usiku na mchana, haingoji uifunike. Mkuu aliandika jambo kwenye daftari lake, akaniuliza kama niko tayari kulisema hilo kwa maandishi.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Ukiifunika kompyuta haizimiki, inalala. Ndani kabisa ya mfumo endeshi kuna sehemu inayoitwa kiini, ambayo ndiyo inayozungumza na vifaa. Kabla ya kulala, kiini hupita kifaa kimoja kimoja, kamera, sauti, mtandao, diski, na kukiambia kilale. Ukifunua, hupita tena kuviamsha kwa zamu. Kila kifaa kina programu yake ndogo ndani ya kiini, kiendeshi, inayojua namna ya kukiamsha. Kiendeshi kimoja kikikwama, wote walio nyuma yake kwenye foleni wanabaki usingizini, na kioo kikiwa miongoni mwao, basi hupati hata neno moja la kukueleza nani kakwama. Huwezi hata kuandika kumbukumbu kwenye diski, maana diski nayo imelala.

Wanaotengeneza kiini waliliona hilo zamani, wakabuni ujanja. Ndani ya kompyuta kuna kitu kimoja kisicholala kamwe, nacho ni saa, kwa kuwa ina betri yake ndogo. Ukiwasha ujanja huo, kiini kila kinapokiamsha kifaa huandika alama yake ndani ya saa, juu ya tarehe. Ikikwama, unazima, unawasha, unasoma saa imeandikwa nini, na hapo unajua nani aliitwa wa mwisho. Gharama yake ni kwamba tarehe inaharibika na lazima uirudishe kwa mkono.

Mkuu alinipa kompyuta ya mapokezi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na soketi. Nikashinda nayo siku nzima, kufunika, kufunua, kukandamiza swichi, kusoma saa. Jioni mama alinipigia kwamba dawa zimemwishia, nikapanda bodaboda kurudi Dunda kabla maduka hayajafungwa, na nikasahau kurudisha tarehe. Sikuwa nimeambiwa kwamba kompyuta hiyo ndiyo walimu wanayosainia mahudhurio asubuhi.

Siku ya pili nilipewa barua yenye kumbukumbu namba. Mkuu aliomba maelezo, kwa mujibu wa taratibu, ni kwa vipi walimu kumi na wanne wameripoti kazini katika mwaka ambao baadhi yao watakuwa makaburini. Mfumo wa mahudhurio ulikuwa umewaandika wote kuwa wachelewaji, wachelewaji wa miaka kumi na tisa, na ukawatumia onyo. Mwalimu wa useremala, aliyekuwa amebakiza miaka minne kazini, alionekana kwenye mfumo kuwa ameshapitisha umri wa kustaafu. Alikuja mwenyewe kuniuliza kwa upole kama mafao yake yatakuwa tayari wiki hiyo. Nilijibu barua kwa barua. Iliwachukua siku mbili kukubali kwamba wakati haujasogea.

Hata hivyo alama nilikuwa nimeipata. Tatizo ni kwamba alama ni namba fupi, na vifaa zaidi ya kimoja vinaweza kuwa na namba ileile. Nilibaki na washukiwa watatu: kamera, sauti, na kisomaji cha kadi, kile kitundu cha pembeni ambamo watu huchomeka kadi ndogo za kumbukumbu. Hapo ndipo nilipofanya upuuzi wangu. Mtu mwenye akili angewaondoa mmoja mmoja na kupima. Mimi nilikwisha kuona hitilafu za sauti kazini, nilizijua, nilizipenda, na nikaamua kwamba mwenye makosa ni sauti. Nikamtangazia mkuu. Siku nne nilisoma kiendeshi cha sauti mstari kwa mstari, nikakibadilisha hapa na pale, nikafunika, nikafunua, kioo cheusi. Kila siku mkuu alipita mlangoni kuniuliza sauti inaendeleaje, na kila siku nilimjibu kwamba tunakaribia. Kama ningekuwa na jalada la rangi ningeandika na mimi ripoti.

Katika siku hizo mtaalamu alirudi kutoka Dar kukagua hatua zake za mpito. Alikuwa kijana mwenye suti ya buluu iliyobana, mchangamfu, aliyesalimia kila mtu kwa cheo chake. Aliniuliza nimesomea wapi, nikamwambia, akasema vizuri sana. Alipozunguka maofisini akaona watu wamechomeka kadi na flashi zao binafsi, akasema humo ndimo vinamopitia virusi. Zikakusanywa zote ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ikafungiwa kabatini kwa mkuu. Mimi nilikuwa nimeinamia sauti, wala sikuinua kichwa.

Wiki iliyofuata aliingia mama wa masijala. Huyu alikuwa mtu mzima, karibu sitini, mwenyeji wa Vigwaza, aliyetunza mafaili ya chuo tangu chuo kilipokuwa na majengo mawili. Nilimwamkia, akaitikia, akaulizia hali ya mama yangu, nyonga, usingizi wake, kama anakula. Baada ya hayo yote akakaa, akaniambia kwamba kompyuta yake nayo sasa haiamki.

Nilimjibu kwamba zote haziamki, mama, ndiyo kazi niliyoitiwa.

"Yangu ilikuwa inaamka," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Imeanza wiki iliyopita, baada ya yule bwana kuitoa kadi yangu ya harusi."

Ilikuwa kadi ya kumbukumbu yenye video ya harusi ya binti yake, saa tatu na nusu, ambayo yeye aliiangalia kidogokidogo wakati wa chakula. Hakuitoa kamwe kwenye kitundu chake. Kwa hiyo miezi yote ambayo wenzake walikuwa wakiweka mbao midomoni mwa kompyuta, yeye alifunika yake kila mchana akaenda kuswali, akarudi, akafunua, na ikaamka. Hakuweka ubao. Ule wake aliutumia kuzuia mlango.

Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema.

"Nilisema," akasema. "Nilimwambia yule bwana, akacheka, akasema mama hayo hayahusiani. Nikamwandikia mkuu dokezo, likarudi masijala, nikaliweka kwenye faili mwenyewe, maana mwenye faili ni mimi. Na wewe nilikupitia siku ile ya Jumatano. Ulikuwa unasikiliza sauti."

Tulikwenda wote kwa mkuu kuomba kadi. Ilihitaji sahihi tatu kutoka kwenye bahasha. Tukarudi masijala, mama akaichomeka kadi yake, akafunika, akahesabu mpaka kumi, akafunua. Bibi harusi akatokea palepale alipokuwa ameachwa, akiwa na kipande cha keki. Tukaitoa kadi, tukafunika, tukafunua, kioo cheusi. Tulifanya hivyo mara kumi, yeye akiweka alama za vijiti kwenye karatasi. Mara tano kwa tano. Nilijaribu kompyuta nyingine mbili kwa kadi hiyohiyo, zikaamka.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya alasiri moja. Kiendeshi cha kisomaji cha kadi kilikuwa na tabia nzuri ya kubana matumizi: kikiona hakuna kadi, kinakizima kisomaji ili kuokoa chaji. Lakini wakati wa kuamka, sehemu nyingine ya kiendeshi kilekile ilikuwa haina habari kwamba kifaa kimezimwa. Ilikiuliza kifaa swali na kusubiri jibu, bila kikomo cha muda, na kifaa kilichozimwa hakijibu. Dunia nzima ya kompyuta ikasimama kusubiri jibu hilo. Nikaandika mistari kumi na moja: washa kwanza ndipo uulize, na kama hujajibiwa baada ya muda, endelea na safari. Nikafunika, nikafunua, ikaamka. Nikafunika tena na tena, nikiwa peke yangu ofisini, mchana wa saa nane, na nikiri kwamba nilicheka kwa sauti.

Marekebisho madogo kama hayo tunayaita kiraka, na kiraka hutumwa kwa orodha ya barua pepe ambako wenye mamlaka wanakikagua mbele ya watu wote. Kabla ya saa moja kupita nilijibiwa, na programu, kwamba mstari wangu wa saba ni mrefu mno. Niliufupisha. Kesho yake msimamizi wa sehemu hiyo ya kiini, bwana fulani wa mbali ambaye hasalimii, aliniambia nimeeleza nilichofanya bila kueleza kwa nini. Nilieleza. Akaniambia sasa nimeeleza kwa urefu kupita kiasi.

Ndipo akajitokeza mhandisi wa kampuni inayotengeneza vile visomaji. Aliandika kwa adabu kwamba kifaa chao kinafuata viwango vyote na kwamba hawajawahi kupokea malalamiko kama hayo. Akataka kujua kompyuta ziko wapi. Nilimwambia ziko mwambao wa Tanzania. Jibu lake lilikuja siku ileile: je, nimezingatia athari ya unyevu na hewa ya chumvi?

Nilitoka nje, nikanunua maji, nikanywa nikiwa nimesimama. Kisha nikarudi na kumwandikia sentensi mbili. Nilimwomba achukue kompyuta yoyote yenye kisomaji chao, aitoe kadi, aifunike, aifunue. Zikapita wiki mbili. Alipoandika tena alisema kwamba ameweza kuliona tatizo kwake pia, kwenye maabara yao, na akaniuliza kama ningependa aweke sahihi yake kwamba amekipima kiraka. Kwake wakati huo kulikuwa na theluji hadi madirishani. Najua kwa sababu msimamizi asiyesalimia alimwuliza, mbele ya orodha nzima, kama barabara zao zinapitika, naye akamjibu.

Kiraka kikakubaliwa. Kilibaki kitu kimoja: kila kiraka huandikwa chini nani aliyeripoti tatizo, jina na anwani ya barua pepe, na maandishi hayo hukaa humo daima. Nilikwenda masijala. Mama alikuwa akipanga mafaili ya likizo. Nilimweleza kwamba nataka kuliweka jina lake, na kwamba litasomwa na yeyote duniani atakayefungua msimbo huo. Aliniuliza kama kuna malipo. Nikamwambia hamna. Akauliza kama jina la yule bwana wa Dar litakuwemo.

"Halimo," nikasema.

"Basi andika langu. Na uliandike lote, majina matatu."

Niliziwekea kompyuta zote thelathini kiini kipya, na mkuu akaitisha kikao cha watumishi chenye chai na sambusa ili tukio lishuhudiwe. Mtaalamu alikuja, akakaa mstari wa mbele. Mkuu aliifunika kompyuta kwa mikono miwili, akangoja, akafunua, ikaamka, watu wakapiga makofi. Mtaalamu akasimama kunipongeza. Akasema kwamba matokeo haya yanathibitisha kile alichokisisitiza tangu awali, yaani umuhimu wa usimamizi madhubuti wa kadi. Nilimtazama nikitafuta dalili ya aibu, sikuiona; aliamini kila neno. Baadaye nilisikia amepewa kazi kama hiyo kwenye chuo kingine, huko ambako hewa haina chumvi, na nikajiuliza atakuwa amelaumu nini. Mama wa masijala hakupiga makofi. Alikuwa anakula sambusa.

Miezi michache baadaye alinipigia simu niende, amepata barua pepe ya Kizungu na hataki kuifungua kwa kuhofia virusi. Ilitoka kwa mzee mmoja wa nchi ya baridi, mwalimu mstaafu, ambaye aliliona jina lake kwenye kiraka. Alieleza kwamba kwa miaka mitatu hakuweza kuifunika kompyuta yake, na mafundi wote walimwambia ni uzee, bila kufafanua kama ni wa kompyuta au wake. Sasa inalala na kuamka. Alitaka tu kumshukuru.

Nilimtafsiria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti, akaniambia niandike jibu lake kama atakavyolitamka. Alianza kwa kumwuliza hali, kisha watoto, kisha afya yake na miguu, maana wastaafu husumbuliwa na miguu. Nilimwambia kwamba watu wa barua hizi hawaulizani mambo hayo, wanakwenda moja kwa moja kwenye tatizo. Alinitazama kama ninayemsingizia mtu.

"Andika hivyohivyo," akasema. "Na mkewe, muulize, naye hajambo?"